Mafunzo ya wawezeshaji wa tiba ya saikedeliki: muuguzi wa Dodoma aanzie wapi?

Muuguzi wa Makole aliandika:

Habari za kazi, wanajukwaa.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Dodoma mjini. Ninaomba ushauri wa wenzangu wa fani hii, na pia wa yeyote anayeifahamu sheria yetu vizuri. Kuna chuo cha nje ya nchi kinachotoa, kwa njia ya mtandao, mafunzo ya uwezeshaji wa tiba ya saikedeliki, yaani kazi ya kumwandaa mgonjwa, kukaa naye wakati dawa inayobadilisha fahamu kwa muda, kama silosaibini (itokanayo na aina fulani za uyoga) au MDMA (itengenezwayo maabara), inafanya kazi mwilini mwake, na kumsaidia siku zinazofuata kuyaelewa yaliyomtokea. Ada yake ni kubwa kiasi kwamba itanilazimu kugusa akiba niliyoitenga kwa ajili ya shahada ya uzamili, kwa hiyo sitaki kuamua kwa shauku peke yake.

Kliniki tunapokea watu wenye sonona ambao wamekwisha kutumia amitriptilini, wakahamishiwa fluoksetini, kisha wakarudi wakiwa vilevile. Tunapokea walionusurika ajali katika barabara kuu, na wanawake waliopigwa na waume zao kwa miaka mingi ambao hadi leo hushtuka mlango unapogongwa. Ninaposoma kwamba watu wa hali kama hizo wamepata nafuu baada ya vikao vichache, siwezi kulifumbia macho jambo hilo. Hata hivyo, maandiko mengi yanaieleza dawa kwa kirefu na kumtaja mwezeshaji kwa sentensi moja, ilhali ndiye ninayetaka kumwelewa. Anafundishwa nini hasa, kwa muda gani, na nani anayempima? Ni lazima awe mtaalamu wa afya? Na mimi ninayefanya kazi katika nchi ambayo dawa zenyewe haziruhusiwi, mafunzo hayo yatanifaa nini?

Mwanasaikolojia wa Ipagala alijibu:

Dada, umeuliza jambo ambalo wengi hulifikia wakiwa wamekwisha kulipa ada. Nitajibu kwa urefu kwa sababu sehemu hii ya kumfundisha mwezeshaji ndiyo inayoamua kama tiba itakuwa tiba au madhara.

Nianze na muda. Jimbo la Oregon nchini Marekani, ambalo wapiga kura wake walipitisha huduma za silosaibini mwezi Novemba 2020, linamtaka mwezeshaji awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe amemaliza elimu ya sekondari, apitie saa 120 za masomo na saa 40 za mazoezi, kisha afanye mtihani wa mamlaka ya afya ya jimbo. Halimtaki awe daktari wala muuguzi, kwa kuwa huduma ile haikuwekwa kisheria kama matibabu ya ugonjwa. Colorado, jimbo jingine la huko lililopiga kura yake mwaka 2022, liliweka saa 150 za masomo, saa 40 za mazoezi na saa 50 za kushauriana na wenye uzoefu. Australia ilichukua njia tofauti kabisa: tangu tarehe 1 Julai 2023 ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili aliyeidhinishwa peke yake anayeweza kumwandikia mgonjwa silosaibini kwa sonona isiyosikia dawa nyingine, au MDMA kwa madhara ya kiwewe. Kwa hiyo jibu la kama ni lazima mwezeshaji awe mtaalamu wa afya hutegemea nchi ilivyoitazama huduma yenyewe, na sisi tunaoishi penye upungufu mkubwa wa wataalamu tunapaswa kulifikiri kwa akili zetu badala ya kunakili jimbo moja la Marekani.

Sasa yaliyomo. Katika majaribio makubwa ya MDMA, mgonjwa alikaa na watabibu wawili. Alipewa vikao vitatu vya maandalizi vya dakika 90 kila kimoja, kisha vikao vitatu vya dawa vya takriban saa nane, vikiachana kwa wiki kadhaa, na baada ya kila kikao cha dawa vikafuata vikao vitatu vya dakika 90 vya kuyaunganisha yaliyojitokeza na maisha yake ya kila siku. Ukijumlisha unapata saa 42 hivi, na kati ya hizo saa 18 mgonjwa hana dawa yoyote kichwani. Mafunzo mazuri hutumia nguvu nyingi katika hizo saa 18. Ukiona mtaala unaoanza na kuishia kwenye siku ya dawa, usiulipie.

Mwaka 2017 Janis Phelps, mwanasaikolojia wa chuo kimoja cha San Francisco kilichokuwa miongoni mwa vya kwanza kuwafundisha wataalamu kazi hii, alitaja sifa sita za mtabibu wa saikedeliki: utulivu wenye huruma, uwezo wa kujenga imani, uelewa wa mambo ya kiroho, ujuzi wa namna dawa inavyofanya kazi mwilini na akilini, kujitambua pamoja na uadilifu, na umahiri katika mbinu nyingine za kusaidia. Ninakubaliana naye karibu katika yote, ila kwa maoni yangu ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na haifundishiki kwa video. Kukaa saa sita karibu na mtu anayelia, anayetetemeka, au anayemwita mama yake aliyefariki, bila kumharakisha, bila kumtafsiria anachokiona na bila kumkatiza kwa sababu wewe ndiye uliyeogopa, kunahitaji mtu mzoefu akuangalie ukifanya, akurekebishe, urudie tena. Wauguzi wa wodi za akili mna msingi wa kazi hii kuliko wanasaikolojia wengi ninaowafahamu, maana mmekesha na watu waliochanganyikiwa kabisa. Hata hivyo mnalo moja la kuacha, nalo ni ile hali ya kutaka kuidhibiti dalili mara tu inapotokea.

Mfamasia wa Area C alijibu:

Ninaongeza upande wa dawa, maana mwezeshaji asiyeujua vizuri ni hatari hata akiwa mpole kiasi gani.

Uchunguzi wa awali ndio kinga ya kwanza. Oregon humkataa mteja ambaye ametumia litiamu (dawa ya kutuliza hisia) ndani ya siku 30 zilizopita, aliyewahi kupata saikosisi, yaani kupoteza uhusiano na uhalisia, au mwenye mawazo ya kujidhuru au kuwadhuru wengine. Litiamu ikichanganywa na silosaibini imeripotiwa kuleta degedege. Majaribio ya kitaaluma huenda mbali zaidi na kuwaondoa hata wale ambao ndugu zao wa damu wana skizofrenia au ugonjwa wa hisia mseto, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kwetu hapa historia ya familia ndiyo sehemu ngumu kuipata, kwa kuwa ndugu aliyeugua mara nyingi husemwa alirogwa au alirithi mizimu, wala hatajwi kama mgonjwa. Mwezeshaji wa Kitanzania atapaswa kufundishwa kuuliza kwa njia inayozipokea simulizi hizo bila kumdharau msimuliaji, na kuzisoma kama taarifa za kitabibu.

Jambo la pili ni dawa ambazo mgonjwa anazo tayari. Fluoksetini inaweza kufifisha nguvu ya silosaibini, na hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa, kwa hiyo mtu asimwambie mgonjwa aiache ghafla ili eti kikao kifanikiwe. Anayekatishwa dawa hovyo anaweza kuzama zaidi katika sonona. Tatu ni moyo na shinikizo la damu, kwa sababu MDMA na hata silosaibini hupandisha shinikizo, na hapa mjini tuna watu wengi wenye shinikizo la juu wasiojijua.

Tusisahau pia ketamini. Si saikedeliki ya asili moja na hizo, lakini ni dawa halali, iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hospitali zetu za wilaya huitumia kila siku kwa usingizi wa upasuaji. Kwa dozi ndogo kuliko ya upasuaji imetumika duniani kutibu sonona sugu, na binamu yake esketamini iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2019 kwa sharti kwamba mgonjwa aangaliwe kituoni kwa angalau saa mbili. Anayetaka kujifunza kukaa na mtu ambaye fahamu zake zimebadilika anaweza kuanza kwa kuwahudumia ipasavyo wagonjwa wanaozinduka kutoka kwenye ketamini: chumba kitulie, sauti ishuke, mtu aelezwe mapema atakachokihisi. Hilo halihitaji kibali kipya, linahitaji mganga mfawidhi anayelielewa.

Mwanasheria wa Kikuyu alijibu:

Kwa kifupi, ili mtu yeyote asipotoke. Silosaibini na MDMA ziko katika kundi lenye udhibiti mkali kuliko yote la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kwetu mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Cheti cha chuo cha nje hakimpi mtu ruhusa ya kumiliki, kuagiza wala kumpa mtu mwingine dawa hizo, iwe nyumbani, shambani au katika nyumba ya ibada. Njia halali ni utafiti uliopata idhini ya maadili ya kitaifa na kibali cha mamlaka ya dawa. Kujifunza nadharia, maadili na stadi za mazungumzo si kosa. Anayekualika kufanya mazoezi kwa siri anakuweka wewe rehani, kwa sababu leseni yako ya uuguzi ndiyo itakayopotea kwanza.

Muuguzi wa Makole aliandika:

Ninawashukuru nyote, na ninakuelewa vizuri, mwanasheria. Sina nia ya kufanya lolote gizani.

Ninaomba kumrudia mwanasaikolojia kwa maswali mawili. Tangazo la chuo hicho linasema kwamba mwezeshaji hawezi kumsindikiza mtu mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika, na kwa hiyo linahimiza safari ya kwenda kwenye nchi inayoruhusu ili mwanafunzi aionje dawa. Je, hilo ni la lazima? Pili, nimesoma juu ya waliodhulumiwa wakiwa chini ya dawa. Mafunzo yanalizuiaje jambo hilo?

Mwanasaikolojia wa Ipagala alijibu:

La kwanza: Oregon haimlazimishi mwezeshaji kuwa amewahi kutumia silosaibini ili apate leseni. Wapo walimu wanaoshikilia kwamba uzoefu binafsi humpa mtu unyenyekevu, na sioni sababu ya kuwabeza. Lakini mkunga hazalishi vizuri kwa sababu amezaa, bali kwa sababu amefundishwa na amesimamiwa. Zaidi ya hapo, uzoefu binafsi una hatari yake: aliyepata faraja kubwa huweza kumsukuma kila mgonjwa kuelekea faraja ileile, na aliyeona jambo la kutisha huweza kumwambukiza mgonjwa hofu yake. Baadhi ya vyuo hutumia mazoezi ya kupumua kwa kasi, aliyoyaanzisha daktari wa magonjwa ya akili Stanislav Grof na mkewe Christina baada ya LSD, saikedeliki nyingine, kupigwa marufuku, ili mwanafunzi aonje hali ya fahamu iliyobadilika bila dawa, mara awe anayelala chini, mara awe anayemlinda mwenzake. Zoezi hilo nalo linataka uchunguzi wa moyo na msimamizi mzoefu.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, na ninaomba ulisome kwa makini. Mtu aliyepewa dawa hizi huwa wazi kupita kiasi. Anaamini haraka, anapokea pendekezo dogo kama amri, na anaweza kumpenda aliyekaa karibu naye kwa mapenzi ambayo asubuhi yake hayana mwenyewe. Katika jaribio la awali la MDMA nchini Kanada watabibu wawili, mume na mke, walivuka mipaka na mshiriki mmoja, na mmoja wao hakuwa hata na leseni ya tiba. Kikao kilikuwa kimerekodiwa kwa video, na bado haikuwa kinga. Mwaka 2024 jarida la Psychopharmacology liliziondoa makala tatu zilizohusiana na majaribio hayo. Mwezi Juni mwaka huohuo jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ushahidi wa ufanisi wa MDMA haukutosha, na 10 kwa 1 kwamba faida hazikuonyeshwa kuzidi hatari, kisha mwezi Agosti mamlaka ikakataa ombi la kuidhinisha MDMA na kutaka jaribio jingine. Sababu zilikuwa kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba washiriki wengi walijua kama wamepewa dawa au la, lakini suala la mwenendo wa watabibu lilitajwa waziwazi katika mjadala ule.

Kwa hiyo, ukitaka kukipima chuo, uliza kinafundishaje kugusa. Kanuni za Oregon zinataka mguso ujadiliwe kabla ya dawa, uridhiwe kwa maandishi, na usivuke mambo kama kumbatio au kushika mikono, nyayo na mabega. Na mteja akisema hapana wakati wa kikao, hapana hiyo inatosha. Jambo ambalo halikuridhiwa kabla haliwezi kuombwa katikati, kwa sababu ridhaa ya mtu aliye ndani ya dawa si ridhaa. Uliza pia mwanafunzi atasimamiwa na nani baada ya kuhitimu, malalamiko ya mgonjwa yanapelekwa wapi, na kama mlalamikaji anaweza kufika huko bila kupitia kwa mtu aliyemlalamikia. Chuo kisichokuwa na majibu hayo hakijamaliza kazi yake, hata kama walimu wake ni mashuhuri.

Afisa Ustawi, Mpwapwa, aliandika:

Ninaomba niingie nikiwa mtu wa vijijini, maana mjadala huu umekaa sana hospitalini.

Mgonjwa wetu haji peke yake. Huja na mama mkubwa, au kaka aliyelipa nauli, au mwenyekiti wa kitongoji, na hao ndio watakaokaa naye baada ya ninyi kufunga kliniki. Mafunzo ya Ulaya na Marekani humfikiria mtu mmoja anayerudi kwenye chumba chake akaandike katika daftari. Hapa mtu atarudi kwenye kaya, ambako ataulizwa alipewa nini na alisema nini. Ikiwa alilia na kutaja siri ya ukoo, je, mwezeshaji amefundishwa jinsi ya kuilinda siri hiyo mbele ya mzee aliyegharimia matibabu? Hili ningelitengea mafunzo yake peke yake, pamoja na namna ya kuzungumza na ndugu kabla, wakaelewa kwamba wana nafasi ya kumtunza lakini hawana haki ya kusikia yote.

Kuhusu nani afundishwe, ninaona tusikimbilie kuwafungia nje wasio madaktari. Kule Harare, Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari bingwa Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao wakiwa bibi wa makamo, kuzungumza na watu wenye sonona kwa mbinu ya kutatua tatizo hatua kwa hatua, na jaribio lenye watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliohudumiwa nao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapakuwa na saikedeliki pale, ila palikuwa na usimamizi wa karibu. Wahudumu wa namna hiyo wanaweza kuzibeba saa za maandalizi na za ufuatiliaji, tena kwa Kigogo au Kirangi pale ambapo mgonjwa hawezi kuusema uchungu wake kwa Kiswahili. Siku ya dawa ibaki kwa wenye leseni, na daktari awe katika jengo lilelile.

Nina wasiwasi mmoja. Waganga wa asili waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala wapo, na wengine ni waadilifu sana. Lakini habari za uyoga zikishaenea bila maelezo, watatokea wasiosajiliwa watakaojiita wawezeshaji. Tuanze kuwaelimisha watu mapema kwamba uyoga wa porini baada ya mvua unaweza kuua, na kwamba huduma ya namna hii haipo kihalali nchini kwa sasa.

Mfamasia wa Area C alijibu:

Afisa ametaja jambo zito. Ninaongeza kwamba hata palipo na uangalizi wote, dawa hizi si muujiza. Jaribio la silosaibini kwa sonona sugu lililochapishwa mwezi Novemba 2022, lenye washiriki 233 katika nchi 10, lilionyesha kwamba baada ya wiki tatu asilimia 37 ya waliopewa miligramu 25 walipata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 18 ya waliopewa miligramu moja, na tofauti hiyo ilipungua kufikia wiki ya 12. Wapo pia waliopata mawazo ya kujiua. Mwezeshaji afundishwe kumwambia mgonjwa hivyo kabla, kwa maneno mepesi, ili yule ambaye hakupona asijione kuwa yeye ndiye aliyeshindwa.

Muuguzi wa Makole aliandika:

Nimepata zaidi ya nilichokiomba. Nimeamua kwamba akiba yangu itabaki kwenye shahada ya uzamili ya afya ya akili, ambayo itatambuliwa na baraza letu la wauguzi na ambayo bila yake hakuna mtafiti atakayenipokea hata siku utafiti wa aina hii ukiidhinishwa nchini. Chuo kile nimekiandikia kuuliza kuhusu mguso, usimamizi baada ya kuhitimu na njia ya malalamiko, na nitaweka majibu yao hapa yakifika.

Wakati huo huo ningependa tuanze kundi dogo la kusoma, wauguzi na maafisa ustawi wa Dodoma na wilaya za jirani, tukutane mara moja kwa mwezi. Tungeanza na stadi za kukaa na mtu aliyezidiwa na hisia bila kumkatiza, kwa mazoezi ya wawili wawili na wa tatu akiangalia, kisha tutengeneze maswali ya historia ya familia kwa namna aliyoisema mfamasia. Afisa, je, kwa upande wa Mpwapwa kuna wahudumu wa jamii wangapi ambao ungewaamini kuanza nao?

Afisa Ustawi, Mpwapwa, alijibu:

Wapo wanne ninaoweza kuwataja bila kusita, mmoja wao akiwa mama mtu mzima ambaye wanawake wa kata nzima humwendea kabla ya kwenda kituo cha afya. Ila ninaomba mambo mawili: nauli yao ijulikane kabla, na mkutano usiwe siku ya mnada. Nitazungumza nao Jumatatu kisha nitakuandikia.